Kantri ya Uasin Gishu (Sehemu ya 4): Chemirocha alimtangulia Beyoncé

Ubishi umepamba moto Eldoret tangu Februari 2 mwaka 2025, usiku wa Los Angeles uliokuwa asubuhi ya Jumatatu kwetu, Beyoncé alipotunukiwa Grammy ya albamu bora ya kantri na, kabla wazee hawajamaliza kuguna, akatunukiwa na ile ya albamu bora ya mwaka. Albamu yenyewe, Cowboy Carter, ilitoka Machi 29, 2024. Karibu mwaka mzima ilipigwa kwenye maduka ya nguo na kwa vinyozi wa mji huu na hakuna aliyepiga kelele. Ilipovishwa taji la kantri ndipo wenye kantri yao wakainuka vitini.

Katika sehemu ya tatu niliahidi kwamba leo tungeingia kwenye gitaa la Waluhya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo. Marehemu Mukabi atatusubiri kidogo. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa hata kwenye foleni ya mbolea: mwalimu, hii ni kantri au si kantri? Na mtu aliyekaa na santuri za kantri tangu ujana wake hawezi kuulizwa hivyo mara tatu akanyamaza.

Ukitaka kuuona ugomvi huu kwa karibu, nenda kwenye kibanda cha kujazia nyimbo kwenye flashi, pale karibu na steji ya magari ya Iten. Kijana mwenye kibanda amepanga muziki wake kwa mafolda katika kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, na majina ya mafolda ameyaandika anavyoyasikia: JIM RIVES, DONI WILIAM, KENI ROJAS, INJILI KALE, KALENJIN MIKSI. Beyoncé alimweka kwanza kwenye folda ya nyimbo za vijana. Baada ya Grammy, wateja wakaanza kumuulizia kwa jina la kantri, naye mfanyabiashara akamhamishia kwa kina Rives. Haukupita muda, dereva wa lori la mahindi, mzee wa makamo, akarudi na flashi mkononi, uso umemwiva. Alikuwa amelipia Jim Reeves wa kumfikisha Malaba, na kabla hajavuka Turbo akaanza kuimbiwa mambo asiyoyajua. "Toa huyu mama," akasema. "Kama ni kantri, lile gitaa linalolia liko wapi?"

Kijana akamtoa. Jioni hiyo hiyo wasichana wawili wa chuo wakaja kumtafuta humo humo alimotolewa.

Basi ndivyo tulivyogawanyika. Wazee wanalalamika kwamba ngoma ni nyingi na upole ni haba. Vijana wengi waliupenda wimbo wa Texas Hold 'Em kwa sababu unachezeka harusini, na zaidi ya hapo hawana habari. Wapenzi wa damu wa Beyoncé, wale waliokesha na albamu yake ya Renaissance mwaka 2022, wananong'ona kwamba hii mpya yenye vipande 27 ni ndefu mno na imepoa. Watu wa kanisa wanatazama jalada, mwanamke mwenye kofia pana juu ya farasi mweupe, bendera ya Marekani mkononi, nao wanatikisa kichwa bila kusikiliza hata kipande kimoja. Kuhusu Jolene, wimbo wa Dolly Parton wa 1973 ambao Beyoncé ameugeuza maneno, muuza mitumba mmoja alinipa uchambuzi ambao sijausoma katika gazeti lolote: Dolly alibembeleza kama mke, huyu anatisha kama mke mwenza. Hakusema ni upi anaoupenda. Nilidhani nimeelewa.

Beyoncé mwenyewe, tukumbuke, alitangulia kusema kabla albamu haijatoka kwamba hii si albamu ya kantri bali ni albamu ya Beyoncé. Waliomsikia hawakuridhika, na wasiomsikia ndio wanaobisha zaidi.

Lakini mimi kinachonisumbua katika ubishi huu ni usahaulifu wake. Watu wa Bonde la Ufa wanasema mgeni ameingia na kuvuruga kantri, kana kwamba kantri ilizaliwa Burnt Forest. Wamesahau kilichotokea Kapkatet.

Wasomaji wa sehemu ya pili wanalijua jina la Hugh Tracey, kwa hiyo sitarudia yote. Huyu ni Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kusaidia shamba la tumbaku la kaka yake, na badala ya kunogewa na tumbaku akanogewa na nyimbo za Washona waliokuwa wakifanya kazi shambani humo. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuzunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti. Mwaka 1950 mzunguko huo ulimleta Afrika Mashariki, na katika nchi ya Wakipsigis akasimama Kapkatet, ng'ambo ya Kericho ukielekea Sotik. Hapo wakamwimbia. Na katika walizomwimbia, tatu zilikuwa na jina moja: Chemirocha.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers.

Nitarudia kwa faida ya dereva wa mahindi, ikiwa anasoma. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri huko kwao, alikuwa ameimbwa kwa Kikipsigis kwa ala ya nyuzi ya Wakipsigis kabla dunia haijamjua Jim Reeves. Rodgers alizaliwa mwaka 1897, Meridian, katika jimbo la Mississippi. Alifanya kazi ya breki katika treni, akapata kifua kikuu kilichomtoa kwenye reli, akaingia kwenye gitaa. Agosti 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, na kwa miaka sita tu iliyobaki ya uhai wake akaimba hadi sauti yake ikavuka bahari. Sauti hiyo ilikuwa na mchezo wake: anaimba kawaida, halafu ghafla inaruka juu, inarudi chini, inaruka tena, ndio ule wanaouita yodeli. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa hoi kiasi kwamba alikuwa akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo. Alifariki huko huko tarehe 26 ya mwezi huo, umri wake miaka 35.

Kwa hiyo Tracey alipofika Kapkatet, mtu huyu alikuwa kaburini kwa miaka 17. Wakipsigis hawakuwa na habari ya kifo chake, wala ya Mississippi. Walichokuwa nacho ni santuri. Simulizi iliyozoeleka inasema ni wamisionari waliokuja na gramafoni na kuzicheza, na wenyeji wakakaa wakijiuliza ni kiumbe gani huyu anayeimba kutoka ndani ya sanduku na sauti yake inaruka hivi. Jibu walilolipata ni la watu wenye akili. Mtu anayeruka hivyo kwa sauti lazima anaruka na kwa miguu. Basi wakasema Chemirocha ni nusu mtu, nusu paa.

Nyimbo mbili za kwanza ziliimbwa na wanaume. Ya tatu ndiyo iliyobaki masikioni mwa watu duniani kote, nayo iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Ni wimbo mfupi. Kuna ala ya nyuzi, chepkong, inayopiga kipande kile kile tena na tena, kifupi, kikavu, kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia. Juu yake msichana mmoja anaanza kwa sauti nyembamba isiyo na haraka, na wenzake wanampokea kabla hajamaliza, hivyo sauti zinapandana na usijue yupi ameacha na yupi ameanza. Wanamhimiza Chemirocha acheze ule mchezo wa kuruka wa Wakipsigis, aruke kwa nguvu mpaka atoke ndani ya nguo zake. Hakuna yodeli. Hakuna gitaa. Hakuna hata mlio mmoja unaoweza kusema umetoka Mississippi. Na bado Rodgers yumo humo mzima mzima.

Mimi huwachezea vijana wimbo huu kwenye simu, na wengi hucheka wanaposikia habari ya mtu mwenye kwato. Nawauliza kwa nini wanacheka. Wasichana wale walipata kitu cha mbali, hawakuomba ruhusa ya mtu, hawakujaribu kuiga lafudhi ya Mmarekani, hawakuvaa kofia. Walikitia katika ala yao, katika lugha yao, katika ngoma yao, kikawa chao. Tuna waimbaji leo katika hoteli zetu wanaovunja ndimi zao ili waimbe kama watu wa Tennessee, na mtu akijaribu kuimba kantri kwa Kinandi anaambiwa anaharibu. Nani kawafundisha haya? Si wasichana wa Kapkatet.

Kuna watu hapa mjini wanaoshikilia kwamba kantri tuliletewa na Makaburu, na kwa kuwa jambo hili limenifuata tangu sehemu ya kwanza, acha nilizungumze nilimalize. Ni kweli Makaburu walifika. Mwaka 1908 kundi lililoongozwa na Jansen van Rensburg lilishuka melini Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, halafu likapandisha magari ya kukokotwa na maksai kupitia msituni mpaka tambarare hii ya Uasin Gishu. Tambarare haikuwa tupu kwa bahati. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa kwa hila alipokuja kuzungumza amani, na Wanandi wakasukumwa. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, ndiyo maana wazee wetu wengine hadi leo wanauita mji huu Sikstifoo. Jina la Eldoret likaja 1912, reli ikafika 1924.

Makaburu walikuwa na konsatina zao na nyimbo zao, hilo silikatai. Lakini konsatina ya Kikaburu si kantri, na sijaona kwa nini watu waliopokonywa ardhi watoe tena na asante ya muziki. Ni kweli pia kwamba Jim Reeves alikwenda Afrika Kusini kuimba mwaka 1962 na 1963, akaimba hata kwa Kiafrikana, akacheza na filamu huko. Lakini kufikia hapo Makaburu wa Eldoret walikuwa wakifunga mizigo, maana Uhuru ulikuwa mlangoni. Wanaotaka kujua jinsi gitaa na gramafoni vilivyoingia vijijini wawaulize wajukuu wa askari wa kikoloni wa KAR waliorudi kutoka vitani Burma. Wawaulize pia wenye redio, kwa sababu kantri yetu ya sasa, ile ya dereva wa mahindi, ni mtoto wa redio: Sauti ya Kenya, baadaye KBC, na kipindi chake cha Sundowner, ambacho kimelaza nchi hii kwa nyimbo laini kwa miaka mingi. Reeves alikufa katika ajali ya ndege karibu na Nashville Julai 31, 1964, na naamini amezika watu wengi zaidi Kenya kuliko mchungaji yeyote. Nenda msiba wowote kutoka Kitale hadi Kericho, kabla ya jeneza kutoka utamsikia. Desemba ikifika anahama kutoka msibani anaingia kwenye matatu.

Na hapa sasa ndipo nawataka wazee wenzangu wakae vizuri.

Huyo Reeves wanayemtumia kama fimbo ya kumchapia Beyoncé naye aliambiwa si kantri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Chet Atkins na watayarishaji wenzake wa Nashville waliamua kuiuza kantri kwa watu wa mjini. Wakaondoa fidla ya kijijini. Wakaondoa lile lile gitaa linalolia ambalo dereva wetu analitafuta. Mahali pake wakaweka vayolini za okestra na kwaya ya kuitikia taratibu, na mwimbaji akaambiwa asogee karibu na kipaza sauti, asipige kelele. Reeves ndiye aliyeng'aa zaidi kwa mtindo huo. Wimbo wake wa He'll Have to Go wa 1959 ni kama mtu anazungumza na wewe kwa simu. Wakongwe wa kantri wakanung'unika kwamba muziki wao umetiwa sukari. Leo sukari ile ile ndiyo inaitwa chumvi ya asili.

Hata hilo la mwanamke Mweusi kuingia nyumba isiyo yake linahitaji kutazamwa. Banjo, ala ambayo bila hiyo hakuna kantri, ilitokana na Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, na ndugu zake bado wapo Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ni mmoja wao. Banjo inayofungua Texas Hold 'Em inapigwa na Rhiannon Giddens, mwanamke ambaye ametumia miaka mingi kuwafundisha Wamarekani jambo hilo hilo. Hank Williams, nguzo ya kantri, alifundishwa gitaa utotoni na mpigaji Mweusi wa barabarani, Rufus Payne. Jimmie Rodgers mwenyewe mwaka 1930 aliingia studio na Louis Armstrong akimpigia tarumbeta. DeFord Bailey alikuwa nyota wa kinanda cha mdomo katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry tangu siku zake za mwanzo, akafukuzwa 1941, akaishia kung'arisha viatu vya watu. Charley Pride aliyetoka mashamba ya pamba ya Mississippi alitolewa santuri zake za kwanza bila picha yake, ili wenye redio wampende kwanza ndipo wajue rangi yake. Mwaka 1971 akawa mtumbuizaji bora wa mwaka wa Chama cha Muziki wa Kantri. Linda Martell akapanda jukwaa la Opry mwaka 1969, mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba huko peke yake, akatoa albamu moja 1970, mlango ukafungwa. Beyoncé amemtafuta Martell akiwa na miaka 82 na kumpa nafasi ya kuzungumza ndani ya Cowboy Carter. Hapo, ndugu zangu, hata asiyependa ngoma zake angevua kofia.

Nani kati yetu amemtafuta mzee wa miaka 82 akampa kipaza sauti?

Swali hilo silitupi hewani. Rekodi za Tracey hazikukaa Kenya. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na baada ya kifo chake mwaka 1977 ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda. Chemirocha amelala huko. Kwa zaidi ya miaka 60 wasichana wale wakakua, wakaolewa, wakazeeka, wengi wakafa, sauti zao zikiwa umbali wa nchi kadhaa. Ndipo mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, wakisaidiana na Ketebul Music ya Nairobi, wakafunga safari kurudisha nakala Kapkatet. Mzee mmoja aliyerekodiwa mwaka ule wa 1950 akakutwa hai na akasikilizishwa. Tulipaswa kuona haya. Walioanzisha kazi ya kuturudishia mali yetu ni wageni, na ilibidi waanze kwa kuulizauliza, maana sisi wenyewe hatukuwa tumeandika nani aliimba nini.

Nimewahi kulisema hili katika safu hii na nitalisema mpaka mhariri achoke. Tambarare hii na mabonde yake yametoa waimbaji wa kila aina. Wapokoti humwimbia fahali kama Texas inavyomwimbia farasi. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walitia gitaa la umeme katika Kikalenjini, nyimbo zikachezwa kila sherehe, na leo muulize kijana anayejaza KALENJIN MIKSI kwenye flashi ni nani aliyepiga gitaa la pili, atakuangalia kama umemuuliza nambari ya pasipoti yake. Folda haina majina. Haina mwaka. Nyimbo zimeunganishwa moja kwa moja, katikati kuna kijana anapiga kelele akitaja jina lake yeye, na mwenye wimbo hatajwi hata mara moja. Hilo linapita bila kumkasirisha mtu, lakini mwanamke wa Houston akitia ngoma katika kantri tunarudisha flashi!

Nirudi kwa albamu, maana nafasi inaniishia na nimeulizwa nijibu. Nimeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nadhani wabishi wengi hawajalifanya. Nusu ya kwanza ni nzuri kweli. Mle anamoimba polepole na gitaa bila vurugu, sauti yake ina utulivu ambao hata mpenzi wa Reeves angeukubali kama angefichwa jina. Baadaye albamu inatawanyika. Inakimbilia ngoma za disko, inaruka hapa na pale, na mtu wa umri wangu anapotea. Vipande vifupi vya maongezi ni vingi kupita kiasi, ingawa kile cha Willie Nelson akijifanya mtangazaji wa redio kinachekesha. Ni albamu bora ya mwaka? Hilo nawaachia wenye tuzo, ambao mara nyingi huamua kwa sababu zao. Ni kantri? Ndiyo, kwa sehemu kubwa, na kwa sababu ile ile iliyomfanya Rodgers kuwa Chemirocha: mtu amepokea urithi na kuusema kwa mdomo wake. Mwaka 2024 Chama cha Muziki wa Kantri hakikumteua kuwania tuzo yoyote, na kituo kimoja cha redio cha Oklahoma kilikataa kwanza kucheza wimbo wake hadi mashabiki walipopiga simu. Wazee wa Eldoret wanaosimama upande huo wajue wamesimama na nani.

Nawaomba pia vijana wasijione washindi. Kupenda wimbo kwa sababu unachezeka ni sawa, lakini kuupenda bila kutaka kujua banjo ile inapigwa na nani ni uvivu. Na mwimbaji wetu Elvis Otieno, Sir Elvis, aliyezaliwa mwaka 1977 na kupewa jina la Presley aliyekufa mwaka huo, amebeba kantri ya Kenya mgongoni kwa miaka mingi. Wangapi kati yenu mmenunua kazi yake? Kuipakua bure si kununua.

Sasa kwa lililo mikononi mwetu. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria hiyo inazitaka serikali za kaunti ziwe na rejista za mambo haya: nyimbo, ngoma, hadithi, pamoja na jamii zinazozimiliki. Si ombi, ni sheria. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, tukashangilia, tukapiga picha. Jiji lina Chuo Kikuu cha Moi jirani, lina vijana waliosomea kompyuta wanaotafuta kazi, lina wazee waliojaa nyimbo. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua daftari.

Msomaji mwenye santuri za zamani au kaseti za harusi na tohara za miaka ya 1970 na 1980, usizitupe wala usimpe mtoto achezee utepe. Chukua kalamu sasa, andika juu ya boksi: ameimba nani, amepiga ala nani, wapi, mwaka gani, kwa lugha gani. Kama bibi yako yupo hai na anakumbuka wimbo, mrekodi kwa simu Jumapili hii, umtaje jina lake mwanzoni mwa rekodi na umwombe ruhusa yake. Kisha nenda ofisi ya utamaduni ya kaunti yako, iwe Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo Marakwet au Kericho, uulize rejista inayotakiwa na sheria ya mwaka 2016 iko wapi na utaiandikishaje kazi hiyo. Wakikujibu, niletee jibu lao nitalichapa katika sehemu ya tano kabla hatujamgusa Mukabi. Wakikosa jibu, niletee na hilo pia.